Shule Yetu Ilikuwa Kabureta

Kuna msee wa nduthi hapa mtaani Umoja ambaye pikipiki yake ilikuwa inazima kila akisimama kwa taa. Akikimbia iko fiti, akipunguza mwendo inakufa. Juzi nilimsindikiza hadi Kariobangi Light Industries. Fundi alitoa plagi kwanza, akaiangalia kwa mwanga. Nyeusi tititi, kama chini ya sufuria ya makaa. Akafungua kabureta, akamwaga petroli ya kibakuli kwenye kiganja, na kweli, kulikuwa na chembe za mchanga. Zilikuwa zimekaa kwenye sindano inayofunga petroli, kwa hivyo haikuwa inafunga. Injini ilikuwa inanyweshwa zaidi ya kiu yake.

Akasafisha, akapuliza jeti kwa hewa ya kompresa. Hakutumia waya, juu waya hupanua tundu na ukipanua tundu umeharibu kipimo. Akarudisha, akaacha injini ipate moto, halafu akaanza kugeuza skurubu kidogo kidogo huku amefunga macho, akisikiza.

Mteja mwingine aliyekuwa anangoja akacheka: "Hawa wasee hubahatisha tu."

Hiyo sentensi imenikaa kichwani wiki nzima. Ndiyo sababu naandika hii.

Kwanza tuelewe kabureta ni nini. Ni bomba lenye kiuno. Hewa ikipita kwenye kiuno inaongeza kasi, shinikizo linashuka, na petroli inavutwa kupitia tundu dogo inayeyuka hewani kama marashi. Mwaka wa 1893 Wahungari wawili, Donát Bánki na János Csonka, walisajili wazo hilo, na Ujerumani Wilhelm Maybach alikuwa analifanyia kazi miaka hiyohiyo. Hesabu yake ni kali. Kilo moja ya petroli inataka karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Petroli ikizidi, moshi mweusi na plagi nyeusi. Ikipungua, injini inapata joto na plagi inakuwa nyeupe. Ikiwa sawa, plagi ni ya kahawia kama chai ya maziwa.

Sasa, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Kabureta haijui hiyo. Yenyewe inaendelea kutoa petroli kana kwamba iko pwani. Kwa hivyo gari lililopimwa sawasawa kule chini likipanda huku linakula petroli bure na kutoa moshi. Lazima mtu abadilishe jeti au ageuze skurubu. Huyo mtu alikuwa nani? Hapo ndipo historia yetu inaanza.

Serikali ya kikoloni iliwaweka wafanyakazi Waafrika upande wa mashariki wa jiji, karibu na reli na viwanda: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati. Wazee wetu walitoka huko asubuhi kwenda karakana za reli na gereji za Wahindi. Walishika taa, walipeana spana, walifagia sakafu, na macho yao yalikuwa yanasoma. Hata maneno yamebaki kama ushahidi: "gari" na "karakana" yametufikia kupitia Kihindi. Mtafiti Kenneth King aliandika kitabu mwaka wa 1977 kuhusu mafundi Waafrika wa Kenya, na mojawapo ya mambo aliyoonyesha ni jinsi ujuzi ulivyopita kutoka kwa mafundi Wahindi hadi kwa vibarua wao, ambao baadaye walitoka kujitegemea. Hakuna cheti. Ulijua ama hukujua.

Na huo ujuzi haukukaa bure. Kampuni ya mabasi ya Kenya Bus Service ilianza mwaka wa 1934 na baadaye ikawa ndiyo pekee yenye ruhusa ya kubeba watu jijini. Mabasi hayakutosha. Watu wakaanza kununua magari yaliyochoka, wakaweka benchi za mbao, na kubeba abiria kwa senti 30, yaani mapeni matatu. Hapo ndipo jina matatu lilitoka. Polisi waliyakamata kwa miaka hadi 1973, Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu yabebe abiria.

Fikiria kidogo. Hayo yalikuwa magari mazee, kila moja na kabureta yake. Nani alikuwa anahakikisha yanawaka saa kumi na moja asubuhi ili mama afike sokoni na baba afike Industrial Area? Si wizara. Ni msee wa bisibisi kando ya barabara. Kwa maoni yangu, fundi wa kabureta alikuwa sehemu ya usafiri wa umma wa Eastlands, tu hakuwa kwenye bajeti.

Halafu kuna Peugeot 504. Kama una guka au shosho, uliza. Hii gari ilikuwa inaundwa Mombasa, na ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978. Watu huongea juu ya madereva, na ni haki. Joginder Singh, bingwa wa 1965, 1974 na 1976, mwenyewe alikulia kwenye kazi ya gereji. Lakini dereva alionekana kwa siku chache za Pasaka. Aliyeifanya 504 ibebe abiria miaka ishirini hana picha ukutani.

Serikali iliwaona lini? Mwaka wa 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ilisema wazi kwamba kazi za aina hii zinasaidia uchumi wa Kenya na zisisumbuliwe. Mwaka wa 1985 Rais Moi akatembelea mafundi wa Kamukunji waliokuwa wanafanya kazi juani, na vibanda vikaahidiwa. Jina jua kali likapanda cheo. Lakini mwaka uliofuata, taifa lilipotaka kuunda gari lake, kazi ilipewa Chuo Kikuu cha Nairobi. Nyayo Pioneer likaonyeshwa mwaka wa 1990, yakatengenezwa ya majaribio machache, na hayakufika sokoni. Siwacheki wahandisi, walijitahidi. Swali langu ni hili: kilomita chache kutoka hapo kulikuwa na watu ambao walikuwa wameweka maelfu ya magari barabarani bila vipuri vipya. Mbona tulidhani hao si wahandisi?

Nisije nikageuza hii kuwa hadithi ya malaika. Hizo enzi zilikuwa na uchafu wake. Petroli ilikuwa na madini ya risasi, sumu inayoharibu akili za watoto, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kabisa mwanzoni mwa 2006 tu. Mafundi waliinyonya kwa mdomo kupitia mpira, walioshea mikono nayo. Na ndiyo, wapo wanaobahatisha. Wapo waliotoboa jeti kwa waya na kumwambia mteja "iko sawa". Ukweli lazima usemwe pande zote.

Baadaye magari ya EFI yakaja, kompyuta ikachukua kazi ya kupima petroli, na wazee wengi wakaachwa nyuma. Tukadhani kabureta imekufa. Kisha mwaka wa 2008 serikali ikaondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, nduthi zikajaa kila steji, na kumbe nyingi zina kabureta. Ujuzi wa 504 ukarudi kwa magurudumu mawili. Hiyo ndiyo sababu yule msee wa Umoja alirudi kazini siku hiyohiyo badala ya kulala njaa.

Sasa nduthi za umeme zinakuja, na mimi nazipenda, hewa yetu inazihitaji. Lakini kabureta ilikuwa na kitu kimoja cha maana: skurubu yake iko nje. Mtoto wa Dandora bila karo angeweza kukaa karibu, kuangalia, kujaribu, kukosea, na kujua. Mashine ya kesho ikifunguliwa kwa nywila ya kampuni peke yake, tutakuwa tumefunga shule iliyosomesha Eastlands. Tunafaa kuuliza sai, kabla hazijajaa: nani ataruhusiwa kutengeneza? Vipuri na maelezo yatauzwa kwa fundi wa mtaa? Na hao wazee, si wapewe njia rahisi ya mtihani wa NITA, cheti kiseme kile mikono yao inajua tayari?

Wewe pia una kazi. Kama kuna fundi kwenu, washa simu umrekodi akieleza. Si dansi, maelezo.

Turudi Kariobangi. Fundi alisikia ile "hubahatisha tu". Hakukasirika. Alimpa yule jamaa bisibisi, akamwambia, "Shika, kijana. Bahatisha na wewe." Jamaa akageuza mara mbili, nduthi ikazima. Mzee akachukua bisibisi, akageuza robo, akairudisha kidogo, ikawaka na kutulia.

Jamaa hakucheka tena. Alisogea karibu aangalie.