Mwezi Ulitoka Wapi? Stori ya Theia, na Venye Inaweza Kufika Hadi Mlima Kenya

Ukiwa Othaya jioni ya mwezi mpevu, na mawingu hayajaharibu mambo, utauona ukichomoza upande wa Karatina juu ya mashamba ya majani chai. Mlima Kenya uko kushoto kwako. Wasee wengi huona hapo vitu viwili visivyojuana. Lakini kuna wanasayansi wanasema huenda hivyo vitu viko na undugu wa mbali, na huo undugu ulianza na ajali.

Tuanze na nadharia za zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1870, George Darwin, kijana wa Charles Darwin, alisema dunia ilikuwa laini, ya moto, na ikizunguka kwa spidi mbaya hadi kipande kikachomoka. 1882 Osmond Fisher akaongeza kuwa Bahari ya Pasifiki ndio kidonda chenye kilibaki. Stori tamu, ila hesabu inakataa: dunia na mwezi zingekuwa na mzunguko mkali kuliko wenye ziko nao leo. Halafu sakafu ya Pasifiki ni changa, haifikishi hata miaka milioni 200.

Wengine wakasema mwezi ulikuwa unajipitia tu, dunia ikaunasa. Sawa, nani alikanyaga breki? Kuna pia ile ya mapacha, eti zilizaliwa pamoja kutoka vumbi moja. Hapo ngori ni chuma. Dunia imejaa chuma katikati, mwezi ni kama ulinyimwa. Ndio maana sentimita moja ya ujazo wa dunia ina wastani wa gramu 5.5, na ya mwezi 3.3.

Mambo yalibadilika na mawe. Kati ya 1969 na 1972, safari za Apollo zilirudisha kilo 382 za mawe na mchanga wa mwezi. Yalionyesha kuwa mwezi ulikuwa umeyeyuka hapo mwanzo, na kwamba vitu vinavyochemka haraka kama zinki vimebaki kidogo sana, ni kama vilipikwa vikaisha. 1975 William Hartmann na Donald Davis wakaja na wazo lenye linashikilia hadi leo: kitu kikubwa kiligonga dunia ikiwa bado changa, karibu miaka bilioni 4.5 iliyopita.

Hicho kitu kinaitwa Theia, na kilikuwa karibu saizi ya Mars. Jina ni la hadithi za Wagiriki, mamake Selene, mungu wa mwezi. Zilipogongana, chuma ya Theia ilizama kwa kiini cha dunia, na mawe yaliyoyeyuka yakarushwa angani, yakazunguka hadi yakashikana. Mwezi ulianza ukiwa karibu sana na sisi. Tangu hapo umekuwa ukitoroka, na leo unasonga sentimita 3.8 kila mwaka. Hiyo inapimwa kwa leza kutumia vioo vyenye Apollo iliacha huko.

Case haijafungwa lakini. Kompyuta nyingi zikipiga hesabu ya hiyo ajali, mwezi unatoka ukiwa sehemu kubwa Theia. Ukipima oksijeni ya mawe ya mwezi na ya dunia, unapata alama zilezile, karibu bila tofauti. Wengine wanasema Theia ilizaliwa jirani na dunia, kwa hivyo zilifanana tangu mwanzo. Wengine wanasema pigo lilikuwa kali hadi kila kitu kikageuka mvuke na kuchanganyika. Binafsi naona hapa ndio kila nadharia bado inatoa jasho.

Na Theia yenyewe ilienda wapi? Manze, hapa ndio kwetu. Karibu kilomita 2,900 chini ya ardhi kuna mabonge mawili makubwa ya mwamba mzito, moja chini ya Pasifiki, lingine chini ya Afrika. 2023 Qian Yuan na wenzake waliandika kwenye jarida la Nature kuwa huenda hayo ni mabaki ya Theia yenye yalizama. Na wanajiolojia wengi wanaunganisha joto linalopanda kutoka bonge la Afrika na volkano za Bonde la Ufa. Mlima Kenya ni volkano ya hiyo familia, ilianza kulipuka karibu miaka milioni 3 iliyopita. Usikimbie kuambia watu mlima umetengenezwa na Theia, hiyo haijasemwa. Chenye kinasemwa ni kuwa moto wa chini yake unaweza kuwa unatoka penye Theia ililala.

Hii inaweza kupimwa. 2024 chombo cha China, Chang'e 6, kilileta karibu kilo 1.9 za udongo kutoka upande wa mwezi wenye hatuonangi, kwa bonde kubwa lenye pigo lake lilichimba ndani sana. Siku mawe ya kina cha mwezi yatalinganishwa vizuri na lava zinazotoka kwa haya mabonge, kemia ikifanana, Yuan ataongeza sauti. Ikikataa, itabidi atafute Theia kwingine.