Rika: Neno na Wajibu Wake

Mji wa Babati ni makutano ya lugha. Wagorowa na Wairaki husema lugha za asili ya Kikushi. Warangi na Wambugwe hunena za Kibantu. Wabarbaig ni wa jamii ya Waniloti. Wakutanapo sokoni hutumia Kiswahili, na ndani ya Kiswahili hicho limo neno fupi lenye historia ndefu: rika.

Aghalabu vijana wa leo hulitumia kwa maana ya kulingana umri tu. Kwa wahenga, rika halikuwa hesabu ya miaka bali mapatano ya maisha. Tuwatazame Wamasai wa Simanjiro, mashariki ya Babati. Vijana waliotahiriwa katika kipindi kimoja, ambacho huweza kufikia miaka 15, hupewa jina moja, nao huwa ndugu hata kufa. Mtu hawezi kumwoa binti wa mwenzake wa rika, kwa kuwa binti huyo ni kama mwanawe wa kumzaa. Kadhalika Wanyakyusa wa Rungwe: zamani wavulana wa umri wa miaka 10 hivi waliondoka kwa wazazi, wakajenga kijiji chao, wakaishi humo pamoja hadi utu uzima. Kizazi kipya kilipokomaa, wazee walikikabidhi utawala kwa sherehe.

Taifa nalo lilijifunza hekima hiyo, hata kama halikulitaja neno lenyewe. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, likawakusanya vijana wa makabila mbalimbali. Mafunzo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013. Na kundi la mwaka 2014 liliitwa Operesheni Miaka 50 ya Muungano. Kundi kupewa jina, na waliomo kutambuana kwalo: hilo ni rika, ila limevuka mipaka ya kabila.

Katika mapambano dhidi ya UKIMWI likazuka jina jipya, "mwelimishaji rika", yaani kijana afundishaye vijana wenzake. Hapo neno limerudia sehemu ya maana yake ya kale, kwani mwenye rika huwajibika kwa wenzake.

Basi mwalimu alifundishapo neno hili asiishie kwenye umri. Awaulize wanafunzi: mwenzenu akiacha shule kwa shida, ninyi mlio rika lake mnadaiwa nini?