Madogo wa Kasulu na Kibondo: Hadithi Moja, Vitabu Tofauti

Wadau, hapa tumezoea kuongelea mastaa. Leo wahusika wangu hawana majina na hawajawahi kutrendi. Ni madogo watatu wa kule juu Kigoma: Muha wa Kasulu mjini, Mrundi wa kambi ya Nduta, Kibondo, na Mkongo aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu. Usiwatafute mtandaoni, ni mfano tu wa maelfu.

Tuanze na historia kidogo. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbilia Tanzania baada ya mauaji makubwa kwao. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye akauawa, wimbi lingine likavuka mpaka. Mwaka 1996 vita vya Kongo vikaleta Wakongo, na Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Nduta ilikuwa imeshafungwa, lakini Burundi ilipochafuka tena 2015 ikafunguliwa upya.

Sasa sikia hii. Kiha na Kirundi ni lugha za kusikilizana bila mkalimani. Bibi wa Kasulu akisimulia Sungura alivyomzidi Fisi akili, mjukuu wa Nduta anacheka palepale, maana kwao huyo Sungura anaitwa Bakame na ujanja wake ni uleule. Mkongo wa Kivu Kusini naye Kiswahili anakipiga vizuri tu, kwa lafudhi ya kwao.

Shida inaanzia darasani. Muha anasoma mtaala wa Tanzania. Kambini, Mrundi amekuwa akifuata mtaala wa Burundi na Mkongo wa Kongo, na Kifaransa kimo humo. Nia ilikuwa nzuri: siku wakirudi kwao wasianze upya. Lakini watoto wa wilaya moja wanakua bila kitabu cha kukiongelea pamoja. Ongeza na Sheria ya Wakimbizi ya 1998: kutoka kambini ni mpaka uwe na kibali. Matokeo yake dogo wa mjini analijua neno "mkimbizi" kabla hajajua jina la mkimbizi hata mmoja. Na tuseme ukweli, mara nyingi analisikia kama tusi.

Hapo ndipo kitabu cha hadithi kinapoingia. Kitabu hakiombi kibali getini. Profesa mmoja Mmarekani, Rudine Sims Bishop, aliandika 1990 kwamba kitabu cha mtoto ni kioo na pia ni dirisha: anajiona mwenyewe, halafu anamwona mwenzake.

Bongo hatujalala kabisa. Mwaka 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto, ukasaidia waandishi na wachapishaji wetu kutoa hadithi za Kiswahili na kuzifikisha shuleni. Tangu 2014 kuna African Storybook, hadithi za bure mtandaoni zikiwemo za Kiswahili. Swali langu ni moja: dogo wa Nduta yumo humo? Simaanishi yumo kama wa kuonewa huruma. Namaanisha yumo kama golikipa, kama muongo wa darasa, kama rafiki aliyekopa penseli hajarudisha?

Najua kuna atakayesema kambini wanahitaji chakula, sio hadithi. Ni kweli, njaa haisomi. Lakini huyo mtoto akishashiba bado ana jirani, na huyo jirani kesho ndiye atakuwa mwalimu, askari au mwenyekiti wa kijiji. Akikua anamwona mwenzake kama mzigo, chakula hakitamtoa huko.

Kwa hiyo kazi ni yetu pia. Kama bibi yako yuko Kasulu, Kibondo au Buhigwe, mpigie wikiendi hii. Mwombe hadithi moja, mrekodi, iandike. Kisha mtafute Mrundi au Mkongo unayemjua umuulize kwao inasimuliwaje. Mkiziweka kwenye kurasa za kitabu kimoja, mtakuwa mmewaanzia wale madogo watatu maongezi yao ya kwanza.