行: herufi moja, sauti mbili, na kichwa cha kompyuta

Wasomaji, leo tuiache PHP ipumzike. Jioni hapa Mitunguu najifunza Kichina, na alama iliyonikwamisha wiki nzima ni hii: 行. Ukiisoma xíng, ni kwenda, au kufanya. Ukiisoma háng, ni safu, au aina ya biashara. Ndiyo maana benki ni 银行, yínháng: yín ni fedha, yale madini yenyewe. Mwandiko haubadiliki hata nukta.

Katika mifupa ya ramli ya enzi ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, alama hii ilikuwa mchoro wa njia panda. Maana nyingine zikaota humo humo.

Sasa kompyuta iliipokeaje? Hapa ndipo penye utamu. Wakorea, katika orodha yao ya KS C 5601 ya mwaka 1987, alama yenye matamshi zaidi ya moja waliipa namba kwa kila tamshi. Nakala za ziada zikafika 268. 行 ilikuwamo, maana Kikorea huisoma haeng na hang. Mashine ikajua sauti bila kuuliza. Lakini jaribu kutafuta neno: wewe umechapa namba ya kwanza, mwenzako aliandika kwa ya pili, macho yanaona kitu kile kile, na kompyuta inakujibu hakuna!

Mwaka 1992 Unicode ilipokusanya alama 20,902 za Kichina, Kijapani na Kikorea, ilishika njia nyingine: alama moja, namba moja. 行 ikawa U+884C. Pacha wake wa Korea akawekwa pembeni, U+FA08, ili mafaili ya zamani yasipotee. Naona walifanya vyema, ila mzigo wa sauti ukatuangukia sisi waandika programu.

Nasi Waswahili tunao. Ipe kompyuta isome: "Barabara ya Nkubu hadi Mitunguu itengenezwe barabara." Ya kwanza, mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nayo ni njia. Ya mwisho, mkazo uko kwenye ya tatu kutoka mwisho, nayo ni sawasawa. Herufi hazisemi lolote. (Kimeru ndiyo usiseme: kwenye simu wengi huacha viwimbi vya ĩ na ũ.) Programu lazima itazame maneno jirani, kama Mchina anavyoona 银 kabla ya kutamka háng.

Kwa hiyo sikariri tena 行 peke yake. Nakariri 银行, yínháng, na 行人, xíngrén, mtembea kwa miguu. Kamusi za programu zinazosoma Kichina kwa sauti nazo hujazwa maneno mazima namna hiyo hiyo.