Edwin Salpeter: Hesabu ya nyota iliyodumu kwa miongo saba

Makala nyingi za utafiti wa falaki husomwa kwa miaka michache, kisha husahaulika. Makala moja fupi, iliyochapishwa mwaka 1955 katika jarida la The Astrophysical Journal, imekwenda kinyume na desturi hiyo. Imerejelewa na wanasayansi wengine zaidi ya mara 5,000, na ingali ikirejelewa hadi leo. Mwandishi wake, Edwin Salpeter, alikuwa na umri wa miaka 30 tu.

Kutoka Vienna hadi Cornell

Salpeter alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 3 Desemba 1924, katika familia ya Kiyahudi. Baada ya utawala wa Kinazi wa Ujerumani kuitwaa Austria mwaka 1938, familia yake ilikimbilia Australia. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Sydney, kisha akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, mwaka 1948. Mwaka uliofuata alijiunga na Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambako alifanya kazi kwa karibu na mwanafizikia Hans Bethe. Cornell ndiko kulikokuwa makao yake ya kazi hadi mwisho.

Swali alilojibu

Makala ya mwaka 1955, aliyoiandaa alipokuwa Canberra, ilihusu swali linaloonekana jepesi: nyota zinapozaliwa, kubwa huwa ngapi na ndogo huwa ngapi?

Kuhesabu nyota zinazoonekana hakutoshi. Nyota kubwa huteketeza nishati yake upesi na kufa baada ya mamilioni ya miaka, ilhali nyota mfano wa Jua huishi takriban miaka bilioni 10. Anayehesabu zilizo hai leo huwaacha nje ya hesabu marehemu wote. Salpeter aliitumia elimu mpya ya nishati ya nyuklia kukadiria umri wa kila aina ya nyota, akawarudisha marehemu hao katika hesabu.

Jibu lake lilikuwa kanuni moja: kila tungamo ya nyota inapoongezeka maradufu, idadi ya nyota zinazozaliwa, kwa kipimo sawa cha tungamo, hupungua hadi takriban moja ya tano. Nyota ndogo ni umati. Nyota kubwa ni nadra.

Kwa nini inarejelewa sana

Darubini haiwezi kuzitenganisha nyota za galaksi iliyo mbali. Huona mwanga wao kwa jumla. Ili kujua mwanga huo unatokana na nyota ngapi, nyota ngapi zitalipuka, na ni kiasi gani cha chuma na oksijeni kitakachotawanywa angani, mtafiti hana budi kuanza na kanuni ya namna hii. Ndiyo sababu makala hiyo hutajwa hata na watafiti ambao kazi yao haihusu kuzaliwa kwa nyota.

Kanuni yenyewe imerekebishwa. Pavel Kroupa mwaka 2001 na Gilles Chabrier mwaka 2003 walionyesha kwamba nyota ndogo kabisa ni chache kuliko inavyobashiriwa na mstari wa Salpeter, na makala zao nazo zimerejelewa maelfu ya mara. Tofauti hiyo si ndogo: galaksi ileile, ikipimwa kwa kanuni ya Salpeter, huonekana kuwa na tungamo ya nyota kubwa kwa zaidi ya mara moja na nusu. Hata hivyo, kwa nyota zenye tungamo ya Jua na kuzidi, mstari wake ungali karibu na ule wa mwaka 1955.

Idadi isichokisema

Idadi ya marejeo hutumiwa leo kupima watafiti. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kinachojulikana kwa herufi h: mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imerejelewa walau mara 20. Vipimo vya aina hii huweza kuamua nani aajiriwe na nani apewe fedha za utafiti.

Maisha ya Salpeter yanaonyesha mipaka ya vipimo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alieleza jinsi viini vitatu vya heli vinavyoungana ndani ya nyota na kuwa kaboni. Fred Hoyle alikamilisha maelezo hayo kwa kubashiri hali maalumu ya kiini cha kaboni, iliyothibitishwa katika maabara ya Caltech. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1983 kwa utafiti wa nyota ilikwenda kwa William Fowler na Subrahmanyan Chandrasekhar. Salpeter na Hoyle hawakuipata kamwe. Walitunukiwa pamoja Tuzo ya Crafoord mwaka 1997.

Aidha, kipimo cha marejeo humthamini mtu ndani ya fani yake. Katika uzee wake Salpeter alishirikiana na binti yake, ambaye ni daktari, kuandika kuhusu hesabu za uenezi wa kifua kikuu. Kazi hiyo haiongezi chochote katika sifa yake ya falaki, ingawa ugonjwa huo ungali unaua watu wengi duniani.

Salpeter alifariki dunia Novemba 2008, mjini Ithaca, jimbo la New York.