Bi Kidude na Jina la Ukaidi: Neno Wazi la Mwanamke Mzee, Unguja na Usukuma

Apitaye Shinyanga baada ya mavuno hawezi kuikosa sauti ya ngoma. Bagika husimama upande huu, Bagalu upande ule, na watazamaji huuacha mmoja na kuukimbilia wa pili kwa kadiri manju anavyowavuta. Asili ya vyama hivyo viwili hutajwa kuwa Ngika na Gumha, mafundi wa ngoma na dawa wa karne ya 19. Manju ana ruhusa ambayo jirani zake hawana: humtaja mshindani wake kwa jina, humcheka kwa sura yake na umaskini wake, na wakubwa nao huwasuta. Elias Songoyi, katika tasnifu yake ya mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwalinganisha manju wawili: Kalikali, Msukuma aliyeikosoa serikali, na Mwinamila, Mnyamwezi aliyeisifu. Neno kali la manju lina uwanja wake, na katika uwanja huo ni sanaa.

Je, neno kama hilo likitoka katika kinywa cha mwanamke, tena mzee, huitwaje? Nitalitazama swali hili kwa maisha ya mwimbaji ambaye hakuwa Msukuma, ijapokuwa husimuliwa kwamba safari zake zilimfikisha hata Ziwa Nyanza. Huyo ni Fatuma binti Baraka, aliyejulikana na wote kwa jina la Bi Kidude.

Alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, binti wa mwuza nazi. Jina la Kidude, yaani kitu kidogo, alipewa kwa udogo wa mwili wake alipozaliwa. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa. Yeye mwenyewe alisema kwamba alizaliwa zama za rupia, na wengi wakaichukua kauli hiyo kuwa ushahidi wa miaka mia na zaidi. Mimi siioni kuwa ushahidi mkubwa, maana rupia ilitumika Unguja mpaka mwaka 1936. Walakini kauli yenyewe yatuonyesha tabia ya msemaji: aliulizwa tarehe, akajibu kwa fedha, na hakujali kama muulizaji ameridhika.

Alipokuwa mtoto alijifunza nyimbo kwa kumsikiliza Siti binti Saad, na hapana budi tumtazame Siti kidogo, kwa sababu ukweli wa Kidude haukuzuka peke yake. Siti, mfinyanzi na mzao wa watumwa kutoka Fumba, aliingia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia habari ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mwenye mimba, aliyealikwa matembezini, akanyweshwa pombe, kisha akauawa. Mwuaji alivuka bahari akatoroka. Walioadhibiwa ni mashahidi wanawake, kwa kosa la kununua pombe. Katika mji ule ni nani mwingine aliyethubutu kumlaumu hakimu mbele ya watu? Wapinzani walimjibu Siti kwa kumkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini. Hoja yake hawakuigusa. Lakini Siti aliyasema hayo yote akiwa amejifunika uso.

Kidude aliuvua ushungi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi alipokimbia ndoa ya kulazimishwa, akavuka bara. Ndoa nyingine nayo haikumfaa, akaikimbia vilevile, na katika miaka ya 1930 akatembea bara pekupeku, kisha akaimba Dar es Salaam pamoja na kundi la taarab la Kimisri. Miaka ya 1940 alirudi Unguja akapata kijumba cha udongo. Alipika dawa za miti shamba, alipaka hina, alifunda wari katika unyago. Hakupata mtoto. Alivuta sigara hadharani, akanywa pombe, wala hakuyaficha mbele ya kamera wala mbele ya masheikh. Aliposimama na ngoma ya msondo iliyofungwa kiunoni, akayapeleka jukwaani mambo ya unyago ambayo wanawake huyaweka chumbani, walikuwako walioona kwamba amevunja heshima ya chumba. Lawama hiyo nadhani ina uzito wake, kwa maana siri ya kungwi si mali ya kungwi peke yake. Lawama ya sigara sioni kwamba ina uzito kama huo.

Tuyaangalie maneno basi. Mwanamume asemaye asiyoulizwa huitwa msema kweli, au mcheshi ikiwa amechekesha. Mwanamke huitwa mjuvi, jeuri, mkorofi, mkaidi. Kwa Bi Kidude majina hayo yaligeuka kuwa sifa kadiri alivyozeeka: mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Newcastle, Uingereza, na mwaka 2006 ilitolewa filamu ya maisha yake. Ukaidi ule ule sasa ukaitwa uhuru. Yeye hakubadilika; jukwaa ndilo lililopanda.

Nimerudi Usukuma kwa sababu moja. Chukua sifa zake moja moja: mzee, mjane au aliyeachwa, asiye na mtoto, ajuaye dawa, mwenye ulimi mkali, akaaye peke yake. Ziweke katika kijiji kisicho na jukwaa, Shinyanga au Geita, nawe utakuwa umeandika mashtaka. Kiswahili husema kuroga, Kisukuma husema kuloga. Shina ni moja, na mwenye kazi hiyo huitwa nogi, wingi balogi. Macho mekundu huhesabiwa kuwa dalili. Wekundu huo aghalabu ni wa moshi: miti ya Shinyanga ilikatwa zamani ili kuwafukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, na wanawake wakabaki kupikia mavi ya ng'ombe. Utafiti wa Simeon Mesaki waonyesha kwamba baina ya mwaka 1970 na 1984 waliuawa Tanzania Bara, kwa shutuma za uchawi, watu zaidi ya 3,000. Walio wengi ni wanawake, na sehemu kubwa ni watu wa Usukuma. Mwaka 1976 serikali iliwasaka wauaji kwa ukali mwingi hata baadhi ya washukiwa wakafia mikononi mwa dola, na mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kwa ajili ya jambo hilo. Waziri alijiuzulu, mauaji hayakukoma.

Bi Kidude alifariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013, akazikwa na umati mkubwa.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikikusanya majina ya miti katika kijiji kimoja upande wa Kahama. Mama mmoja mzee, ambaye wenzake waliniambia kwamba hapana amzidiye kwa kuijua miti, alinipa majina manane kwa furaha, na matumizi ya kila mmoja. Kisha vijana wawili wakaja wakakaa kivulini karibu nasi. Nilipoonyesha mti wa tisa, aliutazama, akaniambia, "Sijui, baba." Na wa kumi vivyo hivyo. Katika daftari langu, kuanzia mstari wa tisa, nafasi za majina ni tupu.