CHUO KIDOGO KANDO YA ZIWA

Msikilizaji mpenzi, juma hili alinijia kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita. Amepata nafasi ya kusomea mawasiliano ya umma katika chuo kikuu kidogo cha mkoani, na wajomba zake wanamcheka. Wanamshauri angoje mwaka mwingine, aombe chuo chenye jina. Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia afungue redio siku ya mazungumzo yetu, kwa kuwa jibu lake limo katika historia.

Elimu ya chuo kikuu ilianza Dar es Salaam mwaka 1961, na somo la kwanza lilikuwa sheria. Uandishi wa habari haukuhesabiwa kuwa somo la Mlimani. Ilikuwa kazi ya kujifunzia kazini, kama seremala anavyojifunzia karakana. Marehemu Mzee Benjamin Mkapa alisomea Kiingereza Makerere kabla ya kuwa mhariri wa The Nationalist mwaka 1966. Mwaka 1975 Serikali ilianzisha Chuo cha Uandishi wa Habari jijini Dar es Salaam, ambacho kilitoa stashahada. Chuo hicho kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003 tu. Hesabu mwenyewe, ndugu yangu: ni miaka 42.

Sasa twende Mwanza. Mwaka 1960, uhuru ukiwa bado haujafika, Mapadre Weupe walianzisha kituo cha mafunzo ya jamii pale Nyegezi, kando ya Ziwa Victoria. Kilikuwa kituo kidogo cha kuwaandaa watu wa kuhudumia jamii, na baadaye uandishi wa habari ukawa sehemu ya mafunzo yake. Mwaka 1998 Baraza la Maaskofu Katoliki likakigeuza kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, na mawasiliano ya umma yakawa miongoni mwa masomo yake ya shahada. Kwa maneno mengine, mdogo alitangulia na mkubwa akafuata.

Kwa nini ikawa miaka ile? Vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Sheria ya utangazaji ilipitishwa mwaka 1993, na mwaka 1994 Radio One ikasikika. Magazeti yalichipuka kama uyoga. Kalamu zilikuwa nyingi kuliko watu waliofunzwa kuzishika.

Mimi nina stashahada, na naijua gharama ya kutofunzwa vizuri. Nilipokuwa mgeni kazini nilitangaza bei ya pamba niliyoisikia kwa mtu mmoja, bila kuuliza wa pili. Kesho yake mzee mmoja alikuja kituoni, vumbi hadi magotini. Alikuwa amekodi mkokoteni akapeleka pamba yake, akakuta bei siyo ile. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, nani alikwambia?" Swali hilo ndilo somo la kwanza la taaluma yetu, nami nilifundishwa na mkulima aliyekwishapata hasara.

Katika darasa la watu wachache, mwalimu hukuuliza swali hilo kila siku kabla habari haijatoka. Anakujua kwa jina, na anajua kama umekwenda sokoni au umeandika ukiwa bwenini. Zamu ya kipaza sauti inakufikia mapema. Hiyo ndiyo faida ya udogo.

Lakini nisimdanganye kijana. Udogo una njaa zake pia. Kuna mahali wanafunzi hugombea kinasa sauti kimoja, na studio hufunguliwa siku ya wageni tu. Kwa hiyo, kabla hujalipa ada, uliza mambo matatu. Je, wanafunzi wanarusha matangazo wenyewe? Je, walimu wamewahi kufanya kazi katika chumba cha habari? Je, maktaba ina magazeti ya jana na ya miaka iliyopita? Ukijibiwa ndiyo mara tatu, funga mizigo uende.

Wajomba waache wacheke. Nyegezi haikuanza ikiwa na jina, ilianza na kazi, na jina likaja baadaye. Nawe siku utakapoketi mbele ya kipaza sauti, yule mzee wa pamba hatakuuliza ulisoma chuo gani. Atakuuliza nani alikwambia.

Hadi juma lijalo, kwaheri.